Mulinzi wa Mbingu Hakuona Mutoto

Wasomaji wenzangu, nilikuwa na miaka makumi mbili na moja, bibi ya mulimaji wa Nyamitaba wakati wa Wabelgiji, siku roho yangu ilikufa ganzi. Hata machozi... hapana!

Mutoto wetu wa kwanza, Bahati, alikuwa ameanza kutambaa. Nilitaka abatizwe. Bwana yangu Bauma akakataa. Akasema tungoje kwanza kaka yake Kalinda, muwindaji wa Walikale, aje kwa Pasaka. Yeye njo atakuwa baba wa batizo, na ataleta nyama ya pori kwa karamu.

"Papa Bahati," nikamuambia, "mutoto hawezi ngoja nyama."

Akacheka. Eti haraka haraka haina baraka!

Pasaka ikapita. Kalinda hakuja. Mvua ikaanza, homa ikashika mutoto, na kabla ya juma kuisha akakufia mikononi mwangu.

Katekista akatuambia kwa sauti ya chini kwamba asiyebatizwa hazikwi ndani ya makaburi ya misioni. Tukamuzika inje ya lupango, ule uzio wa makaburi, kando ya majani ya ngombe. Na mbinguni je, ataingia? Nikauliza. Katekista akafunga kitabu yake, akaenda.

Siku ya matanga njo shemeji Kalinda akafika... na nyama! Nyama ya batizo ikapikwa kwa matanga. Nilikula, sikusikia ladha. Bauma hakuniambia pole hata moja. Alisema tu nyama iko nzuri.

Kisha nililima maharagwe, nikapika, bila machozi. Mama mukwe akatangaza kijiji kizima kwamba moyo wangu iko jiwe. Nikashika tena jembe yangu.

Halafu sinema ikaja Kirolirwe. Walitungika shuka nyeupe kwa ukuta wa nyumba ya masomo, na baba mumoja akatufasiria Kifaransa. Ilikuwa muchezo wa kuchekesha: wafu wamepanga mulongo mbele ya mulango wa mbingu, na mulevi mumoja anataka kuingia na chupa yake. Mulinzi, munene wa ndevu, anayeuliza kila mutu karatasi, anakataa. Wakavutana, chupa huku, chupa kule! Wakati wanavutana, mutoto mudogo akatambaa, akapita katikati ya miguu ya mulinzi, akaingia.

"Huyu hana karatasi," mufasiri akapiga kelele, "lakini ameingia!"

Watu wakavunjika mbavu. Bauma pia, pembeni yangu.

Mimi nilishika mukono wa mwanamuke nisiyemujua. "Anatambaa," nikamuambia. "Wangu pia alijua kutambaa!" Njo hapo machozi ikanitoka, kati ya watu wanaocheka. Bauma akaniangalia. Kicheko yake ikakatika.

Ilikuwa muchezo tu, najua. Labda mapadri wangenigombeza. Lakini nani alinifariji kabla ya ule mulevi na chupa yake? Hakuna!

Wazazi wenzangu, nawaomba, musifanye kama sisi. Musingoje nyama! Maji ya batizo iko karibu, nyama iko mbali.

Na mimi, kila nikipita inje ya ule lupango, namuambia Bahati polepole: tambaa tu, mwanangu... mulinzi hakuoni.