Moto Imezimika

Siku ya soko, Mushaki hupati hata pa kuweka mguu. Ng'ombe wanashushwa, magunia ya maharage yanapandishwa, na kila dereva anadhani barabara ni ya babake. Bénédicte, muuza jibini, alikuwa ameinama juu ya beseni lake, kitenge cha rangi ya machungwa kimemkaa kiunoni sawasawa, pikipiki iliposimama nyuma yake bila kutoa mlio wowote. Akaruka kwa kushtuka, na jibini zima likabiringika hadi kwenye kwato za ng'ombe.

"Unatembea kimya sawa mwizi," alisema.

"Pole, dada. Moto yangu iko ya kuchaji. Haina kelele, haina moshi. Ile fromaji nipe mimi, hata na alama ya ng'ombe."

Huyo ndiye Polycarpe, fundi umeme kutoka Kirotshe, shati jeupe, viatu vinang'aa. Alilifuta lile jibini na kulila mbele yake, akimwangalia machoni. Sasa mwanamke afanyeje na mtu wa namna hiyo? Kabla maharage ya shambani hayajakomaa walikuwa wameshapendana, na mimi sitawasingizia kwamba walijizuia.

"Mama Fromaji, umekula?" Polycarpe alikuwa akimuuliza kwa simu.

"Bado."

"Basi na mi sikule."

"Utakufa njaa, cheri, na mi sitaki kuitwa mujane."

Walipanga Jumapili Polycarpe aje kujitambulisha kwa baba yake Bénédicte, Papa Barthélemy. Mzee huyo, mtu wa Walikale, alichimba mawe ya bati miaka kumi na miwili, akatoka huko na kifua kinachopiga filimbi kila akipumua. Ijumaa, Polycarpe akajisifu kwenye simu.

"Papa yako atafurahi kuona moto isiyochafua dunia."

"Haichafue?" Bénédicte alisema. "Ile bati inashika nyaya zake ndani inatoka mu mawe. Kuya uulize kifua ya papa kama iko safi."

"Sasa nirudie moto ya esansi? Moshi ya petroli njo dawa?"

Wote wawili walisema kweli, na ugomvi wa namna hiyo ndio unaouma zaidi. Walikata simu bila kuagana.

Jumapili Bénédicte alipika mbuzi na sombe ya majani ya muhogo, akasonga bugali, akavaa kitenge kipya. Saa saba waliyopatana ikapita. Saa nane simu ikalia, mtandao ukikatikakatika.

"Béné... moto imezimika... siwezi tena... Papa anisamehe..."

Kisha kimya. Akapiga tena, simu haikupatikana.

Walimu hufundisha kwamba moto wa jikoni umezimika. Lakini Mushaki, nje ya darasa, kila kitu ni "i": pikipiki ni moto na imezimika, mapenzi ni moto na imezimika. Baada ya ugomvi wa Ijumaa, Bénédicte alisikia kile alichokuwa akikiogopa.

"Papa, hatakuya," alisema. "Amechoka na mi."

Akalia hadi kope zikavimba. Halafu, kwa kuwa harufu ya kile chakula ilimtesa, akakigawa chote kwa majirani, sahani baada ya sahani.

Saa kumi na moja mtu mwenye matope hadi magotini alitokea akisukuma pikipiki, wachunga ng'ombe wawili wakimsaidia. Shati lilikuwa jeupe asubuhi.

"Bateri imeisha chini ya mulima," Polycarpe alisema akihema. "Nilikuambia moto imezimika, kisha simu nayo ikakufa."

Bénédicte akaitazama ile pikipiki.

"Mi nilisikia ile ya moyo."

"Ile ya moyo?" Polycarpe alisema. "Ile njo imesukuma hii."

Bénédicte akacheka na kulia kwa pamoja, akawashukuru wale wachunga ng'ombe kwa mikono miwili. Ndipo alipokumbuka kwamba mgeni hana cha kula. Lakini Mama Solange wa jirani alikuwa ameona kila kitu, akapiga kelele uani, na sahani zikaanza kurudi, nyingine zimemegwa. Bénédicte alisema aksanti kwa kila moja hadi sauti ikakauka.

Papa Barthélemy alitoka, akaizunguka pikipiki polepole.

"Kijana, bateri hii ikikufa kabisa, utaitupa wapi?"

Polycarpe ni fundi, maneno ya kujibia hayakumpungukia.

"Sijui, Papa. Inakunywa umeme ya maji, haichome esansi, ile njo najua. Bateri ya kufa, na kifua za wale wanachimba, sijui. Ile Bénédicte aliniambia Ijumaa iko kweli, na mi nilimujibu mubaya."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu.

"Miaka kumi na mbili, kila mununuzi wa mawe aliyefika kwetu alikuwa anajua yote. Aksanti, kijana. We njo wa kwanza kuniambia hajui." Akamgeukia binti yake. "Na we, mutoto yangu, unasema nini?"

Bénédicte alikuwa ameshajaza kikombe.

"Nasema anywe maji kwanza, Papa. Mukwe wako amechoka."

Papa Barthélemy akasogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa.