Uongo wa Sindano Ndefu

Kila siku ya kliniki, kazi ya Redio ilikuwa moja: kumchekesha mdogo wake asilie. Jina hilo msichana huyu alipewa na manesi, maana hakujua kufunga mdomo. Mdogo wake, mwenye miaka mitano, walimwita Bwana Mkubwa kwa sababu ya kitumbo chake kilichovimba kwa ugonjwa wa figo. Wenzao wa benchi walikuwa watoto wadogo vilevile, wengine wa figo, wengine wa kansa ya damu, wote miili yao haina nguvu ya kupambana na maradhi.

Lakini leo benchi lilikuwa tupu.

"Wenzake wako wapi?" Mama aliuliza, akimshusha mtoto mgongoni.

"Hata mimi nashangaa, dada yangu," alisema nesi wa chanjo. "Chupa hii ya chanjo ya korona ni ya watoto wengi. Ikishafunguliwa, baada ya saa chache kinachobaki kinamwagwa. Nimeagizwa nisiifungue kwa chini ya watoto watano. Jioni gari linaichukua kwenda kituo kingine cha afya. Kwetu itarudi mwezi ujao."

"Mwezi ujao!" Mama akakaa benchini. "Daktari amesema dawa kali za figo haziwezi kungoja. Zikianza, kinga ya mtoto inashuka, na chanjo haitamsaidia sana. Korona ikimkuta hivyo nitamzika, nesi! Nifungulie, nakusihi."

Akapiga magoti pale pale sakafuni, mbele za watu waliokuwa wakipita. Redio alitamani ardhi ipasuke immeze.

Yeye alijua wenzao wako wapi. Kliniki iliyopita, ili kunogesha hadithi, aliwaambia watoto wa benchi kwamba sindano ya korona ni ndefu kama mwiko, inaingia begani na kutokea mgongoni. Loo, walivyopiga mayowe! Naye akacheka hadi mbavu zikamuuma. Hakufikiri kwamba wangeubeba uongo huo mpaka nyumbani na kukataa kurudi.

Angesemaje sasa? Mama angemwonaje? Akamtazama Bwana Mkubwa. Alikuwa anampangusa Mama machozi kwa kofia yake.

"Usilie Mama. Mimi siogopi sindano."

Hapo Redio akashindwa kuvumilia. "Mama, ni mimi! Mimi ndiye niliyewatisha!" Akaeleza yote, machozi na kamasi vikimtoka.

Mama hakumchapa. Alimpa simu yake tu. "Kundi la kina mama wa kliniki hilo hapo. Waambie."

Redio akabonyeza kitufe cha sauti. "Shikamooni mama zangu. Ni mimi Redio. Nilidanganya. Sindano ni fupi, na sijawahi hata kuiona ile niliyowasimulia watoto wenu. Bila watoto watano mdogo wangu hachanjwi. Tafadhali njooni. Nisameheni."

Likaja jibu moja tu: "Mwanangu anaweweseka usiku kwa sababu yako, mtoto wewe!" Mama alikuwa amejiinamia.

Mama wa kwanza alikuja akiwa bado na kanga ya jikoni, mwanawe amelala begani. Akafuata wa pili, wala hakumwitikia Redio salamu. Wa tatu alifika sambamba na gari, na dereva akaanza kupiga honi.

"Bado mmoja! Ningoje, kaka yangu!" nesi alipaza sauti dirishani.

"Nina safari ndefu, nesi!"

Redio akatoka mbio hadi barabarani. Kule kwenye kona alimwona mama mmoja akihema, amembeba binti asiye na nywele kichwani kwa sababu ya dawa za kansa. Redio akampokea mkoba, wakakimbia pamoja.

Nesi akaifungua chupa. Bwana Mkubwa alichomwa wa kwanza. Alikunja uso tu, na Mama akalia upya, safari hii kwa kushukuru.

Walipomaliza, nesi alimwita Redio pembeni.

"Watoto hawa bado wana dozi nyingine, na nyingi kuliko za wenzao wenye afya. Nataka niwaone wote. Sikia, binti yangu. Mtoto mzima ukimdanganya, atanuna kisha atasahau. Hawa ukiwadanganya kuhusu dawa, unawaondolea kinga waliyobaki nayo. Leo umesema kweli tukawahi. Ungenyamaza mpaka gari liondoke, ungemwomba nani msamaha?"