Samaki Asiyegombana na Mtu

Jioni hiyo Mika alitumwa samaki, na si samaki wa kula. Alitumwa samaki wa kutazamwa. Wenzake wa shambani walikuwa wakimcheka mpaka wanashika mbavu: mtu mzima, baba wa watoto wawili, anashinda mtoni na debe la maji akibembeleza visamaki visivyotosha hata kuunga mchuzi! Mika alicheka nao. Kazi ile ilikuwa afadhali mara mia kuliko kuchuma kahawa kwenye mvua ya Mbozi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitla, kahawa ilipopanda bei na wazungu wa mashamba ya upande wa Isansa wakaanza kuagiza mapambo kutoka kwao. Memsabu wa shamba alilofanyia kazi Mika aliagiza sanduku la kioo, refu kama meza ya kulia, akaliweka sebuleni, akalitia mchanga, majani ya mtoni na maji. Shida ikawa ni nani akae humo ndani.

Mara ya kwanza Mika alimletea kila kilichoingia kwenye kitunga chake. Asubuhi wakamkuta kambale mmoja tumbo limemjaa, wengine hawapo. Memsabu alilia kama amefiwa. Tangu siku hiyo Mika akajifunza kuchagua. Alichagua wanaolingana miili. Alichanganya wanaokula juu ya maji na wanaokula katikati, wasigombee tonge moja. Perege dume alimweka mmoja tu, maana madume wawili hawakai nyumba moja wakaelewana. Na mgeni yeyote, kabla hajaingia kwenye kioo, alimlaza kwanza ndani ya chungu cha pombe kilichojazwa maji pamoja na mwenyeji mmoja, akafunika kwa ungo. Kukikucha akafunua. Akikuta mapezi yote mazima, basi wamepatana.

Sasa ilibaki nafasi ya chini, pale mchangani. Memsabu alitaka samaki wa kuokota mabaki, mpole, asiyekula wenzake. Wageni wake walikuwa wanakuja Jumapili. Mika alikuwa ameumaliza mto wote na hajampata.

Ndiyo maana jioni hiyo alishuka mpaka kwenye kile kilindi cha chini ya maporomoko, mahali ambapo watu hawavui. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini hawavui. Hawavui tu.

Jua lilikuwa linazama. Vyura walikuwa kimya. Palikuwa na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na hapakuwa na moto wala nyumba karibu. Mika alipochutama ajaze debe lake, akasikia sauti inatoka chini, kavu, kama mtu anayekwangua sufuria…

Go… go… go…

Akainua macho. Juu ya jiwe la ng'ambo alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, miguu yake iko majini hadi magotini, na katikati ya miguu kuna chungu cheusi.

"Shikamoo, mama."

Mwanamke hakuitikia.

"Unatafuta wa chini," alisema. Alikuwa ananong'ona, lakini maneno yalifika yote.

Mika alishtuka, halafu akajituliza. Habari za sanduku la kioo zilikuwa zimeenea hadi Isongole, sembuse hapo. "Ndiyo, mama. Asiye mgomvi."

"Ninaye."

Akatia mkono chunguni, akatoa gogogo mmoja mwenye madoa na ndevu ndefu. Mika akashangaa. Gogogo ni samaki wa Momba na Rukwa, kule bondeni kwenye joto. Huku juu hapandi. Lakini huyu hapa, mnene, mzima, analia mkononi mwa mtu. Go… go… go…

"Huyu hagombani na mtu. Muweke na yeyote."

"Nikupe nini, mama?"

"Sitaki kitu. Na mimi nina chungu changu, nachagua kama unavyochagua wewe. Nimebakiza nafasi moja." Akamtazama. "Kwako nyumbani, mpole ni nani?"

Na Mika, masikini, akajibu!

"Enesi, binti yangu. Huyo hata mdogo wake amnyang'anye tonge mdomoni, hasemi neno. Anamwachia."

"Enesi," mwanamke alirudia polepole, kama anaonja chumvi ya mboga.

Mtu aliyelelewa huku Unyiha hamtaji mtoto wake kwa jina kando ya maji jua likizama, tena mbele ya mtu aliyekataa salamu. Mika alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini sifa ya mtoto ni tamu mdomoni mwa mzazi, ikishapanda huwezi kuimeza. Alipogeuka kumtia gogogo kwenye debe na kugeuka tena kushukuru, jiwe lilikuwa tupu, limekauka, utadhani halijakaliwa na mtu mwaka mzima.

Alikwenda nyumbani mbio.

Gogogo alilala chunguni na perege mdogo. Asubuhi Mika alifunua ungo, akakuta perege hana hata mkwaruzo. Akampeleka kwenye kioo. Wale wenyeji hawakumkimbia mgeni, wala hawakumnusa kama kawaida yao. Walijipanga upande mmoja, vichwa vyote vimemwelekea, wakatulia. Memsabu alipiga makofi. "Mzuri sana huyu, Mika! Mzuri sana!"

Mchana aliporudi kula, mkewe Nesta alikuwa mlangoni, kitenge kimemwanguka begani na hana habari.

"Baba Enesi, mtoto haamki."

Enesi alikuwa amelala chali kitandani. Macho yalikuwa wazi. Hakupepesa. Mdomo ulifunguka, ukafumba. Ukafunguka, ukafumba. Mika alimshika mkono, akakuta wa baridi na unateleza, na nyumba nzima ilinuka majivu yaliyolowa.

Dresa, mganga wa shamba, alikuja na dawa ya malaria. Mzee wa kanisa Abrahamu alikuja na Biblia, akaomba mpaka sauti ikamkauka, na wanawake wa kwaya wakaimba uani. Enesi aliendelea kufungua mdomo na kufumba. Danford, mdogo wake ambaye alikuwa bado hajui kusema vizuri, alimwekea dada yake kiazi kifuani na kumsubiri ale. Nesta alipoona vile akatoka nje kulia.

Kesho yake Mika alikwenda kazini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Memsabu alimpokea na tabasamu.

"Umeongeza mwingine! Sasa wako wawili, vizuri, hawatakuwa wapweke."

Mika hakuwa ameongeza mtu.

Alisogea kwenye kioo. Mchangani kulikuwa na gogogo wawili. Madoa yaleyale. Ndevu zilezile. Mmoja akapanda taratibu mpaka usawa wa uso wake, akagusa kioo kwa mdomo.

Mdomo ulifunguka. Ukafumba.

Hakungoja ruhusa. Alishuka mtoni mchana kweupe, jua la utosini, akipiga kelele njia nzima. Mwanamke alikuwepo, juu ya jiwe lilelile, anaosha chungu chake.

"Nirudishie mtoto wangu!"

"Nirudishie wangu," alinong'ona, "na wako atarudi."

"Nitamjuaje wako? Wamefanana!"

"Si wewe ndiye mchaguzi?" Akacheka kidogo, akaendelea kuosha chungu.

Mika aliwatoa wote wawili kwenye kioo, akamdanganya memsabu kwamba wana kupe, akawalaza kwenye chungu cha pombe nyumbani kwake. Akakaa juu yao kama kuku anayeatamia. Mtu aliyewajua samaki namna ile, aliyejua nani anaoana na nani, atashindwa kumjua mwanawe? Akadondosha kipande cha ugali. Mmoja akakimbilia, akakimeza. Wa pili akasogea pembeni, akamwachia. Akadondosha tena. Ikawa vilevile. Moyo wa Mika ukaruka kwa furaha. Alimkamata yule mlaji, akashuka naye kilindini, akamwachia majini. Samaki akazama bila kuaga. Jiwe lilikuwa halina mtu.

Kabla hajafika kwake alisikia vigelegele.

Enesi alikuwa amekaa mkekani, anakula! Nesta alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, jirani yao Tabita anacheza uani na mwiko mkononi. Mika alipiga magoti mlangoni, akamshukuru Mungu kwa sauti, hata aibu hakuona. Mtoto alikula sahani yake, akaivuta ya Danford, akaimaliza. Danford akaangua kilio. Watu wote wakacheka: njaa ya mgonjwa hiyo, mwacheni ale!

Mika naye alicheka. Kisha akakumbuka chungu.

Akaenda nyuma ya nyumba, akafunua ungo.

Gogogo alikuwa bado yupo.

Akasimama pale na ungo mkononi. Kama Enesi yuko ndani anakula, basi huyu ni nani? Alijaribu kulipanga jambo lile kichwani, na kila alivyolipanga likaja jibu moja: huyu ndiye wa yule mwanamke. Amedanganywa kwenye ugali. Mtoto wake alikuwa yule mlaji, alikuwa na njaa ya siku mbili, nani asingekimbilia chakula? Amemrudisha mtoni, na kumbe ndiyo njia iliyomfikisha nyumbani. Na huyu aliyebaki, madhali anapumua, ni mlango ambao yule mwanamke atarudi kuupitia.

Samaki alipanda juu. Hakumkimbia. Alikuja moja kwa moja kwenye vidole vyake, akavigusa.

Mika alimshika, akamtoa.

Go… go… go…

Samaki wa kawaida hurukaruka mkononi. Huyu hakupigana hata kidogo. Alilala kwenye kiganja, akimtazama, akilia ile sauti yake, kila mara kwa upole zaidi. Mika akafumba macho. Akaokota jiwe. Alipiga mara moja, akapiga tena, akaendelea kupiga hata kulipobaki kimya. Halafu akachimba shimo kwenye maganda ya kahawa, akafukia, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Alirudi ndani giza linaingia. Nesta alikuwa amewasha kibatari. Majirani walikuwa wameondoka. Enesi alikuwa ameegemea ukuta, tumbo limejaa, mashavu yamepata rangi, anamtazama baba yake usoni bila kupepesa.

"Kwa nini umempiga?" aliuliza.

Mika aligeuka akautazama ukuta wa nyuma. Nyuma ya nyumba hakuna dirisha, na hakuna mtu aliyemwona.

"Nani kapigwa, mama?" Nesta aliuliza huku akitandika.

"Alikuwa anamwita baba," Enesi alisema. "Mpaka mwisho alikuwa anamwita."

"Homa hiyo bado haijamtoka vizuri," Nesta alisema, akamlaza Danford kando ya dada yake, akawafunika wote wawili kwa blanketi moja. "Lala, mwanangu. Kesho utakuwa umepona."

Mika alitaka kusema. Angeanzia wapi? Alivuka chumba, akaingiza mikono chini ya blanketi, akamnyanyua Danford, akatoka naye nje, akakaa naye kwenye kizingiti cha jiko, mgongo ukutani, uso ukiutazama mlango.

"Baba Enesi, una wazimu?" Nesta aliita kutoka ndani. "Baridi yote hii! Mrudishe mtoto alale na mwenzake."

Hakumrudisha. Mwenzake alikuwa kwenye maganda ya kahawa. Alimkumbatia kwa nguvu mtoto aliyebaki, akalia.