Mashine Pepe ya Mama

Aliyenihadithia ni dada mtu mwenyewe, mshonaji wa mtaa wa pili, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Cherehani yake ilikaa ukumbini, karibu na kitanda cha mama yao, ambaye tangu apooze alikuwa akitazama dari tu, hasemi wala hageuki. Mdogo wa dada huyo, fundi wa kompyuta, alikuwa ameinamia laptopu mezani. Enzi za kupiga chapa ofisini, mama alipenda mchezo mmoja: mwanamke mdogo anapanda ngazi zisizoisha, akikwepa mawe. Kompyuta yake ilishakufa zamani, lakini diski ilibaki. Fundi akanakili kila kitu, akaunda mashine pepe, yaani kompyuta ya kale inayoishi ndani ya mpya, ili mama auone mchezo wake tena.

"Huenda akacheka," alisema.

"Au akakutukana," dada akamjibu. "Yote heri, mradi aseme."

Laptopu ilikuwa na kori nne, kama vichwa vinne vya kufikiri. Fundi akaipa mashine ile zote nne, maana kwa mama hakuna ubahili. Hapo ndipo alipokosea. Mchezo ule ulitungwa kwa kompyuta za kale za kori moja. Ukiupa nyingi, saa yake ya ndani inavurugika, unakimbia kama umetimuliwa.

Mwanamke mdogo akaanza kupanda kabla mtu hajagusa kitufe. Fundi akacheka. Dada hakucheka. Vidole vya mama vilikuwa vinagonga shuka.

"Anacheza," fundi akanong'ona, machozi yakimlenga.

Dada akainuka amshike mama mkono, akarudi nyuma. Kucha alizomkata asubuhi ile zilikuwa zimepita ncha za vidole. Nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe pe. Kifua kinapanda, kinashuka, upesi mno, sawasawa na ngazi zile.

"Simamisha!"

Fundi akasitisha. Skrini ikaganda. Kifua cha mama nacho kikaganda.

Dada akapiga yowe. Fundi akauachia mchezo, na mama akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini.

"Ipunguze basi!"

"Haipunguziki ikiwa inakwenda, dada. Kori hazibadilishwi mpaka mashine izimwe kabisa."

Wakatazamana. Wakiiacha, mama atazeeka mpaka aishe mbele ya macho yao. Wakiizima, Mungu ndiye ajuaye. Mashavu yake yalikuwa yanazidi kubonyea. Dada alitamani aje mtu mzima yeyote amwambie la kufanya, lakini mtu mzima wa nyumba ile alikuwa ni yeye.

"Zima," akasema. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Fundi akazima. Mama akaacha kupumua.

Fundi akafungua mipangilio. Akaondoa kori tatu. Akabakiza moja. Akawasha. Skrini nyeusi. Maandishi meupe, mstari baada ya mstari. Mfumo wa kale hauna haraka. Midomo ya mama ikaanza kubadilika rangi. Dada akamlalia kifuani, anamwita, anambembeleza, "Mama, usitufanyie hivi, mama."

Mwanamke mdogo akatokea chini ya ngazi. Akasimama. Akapanda moja, polepole.

Mama akapumua.

Dada alilia kwa sauti, kilio cha furaha safari hii, hata akamtania mdogo wake kwamba siku nyingine amletee mama redio. Ndipo mama akageuza shingo, kwa mara ya kwanza tangu apooze. Hakumtazama binti yake. Alimtazama mwanawe.

"Baba," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "mbona na wewe unapanda?"

Fundi akageukia skrini. Kwenye orodha, chini ya mashine ya mama, palikuwa na mashine ya pili, ambayo hakuiunda. Ilikuwa na jina lake yeye fundi. Imewashwa. Kori tatu, zile zile alizoziondoa.

Dada anasema mdogo wake hakupiga kelele. Alijishika kifua, pumzi zikimwenda mbio, akasogeza kiti.

"Njoo ukae hapa nikufundishe, dada, upesi," akanong'ona. "Ukishanizima, sitaweza kujiwasha."