Ukuta wa Mabingwa wa Bulla Pesa

Kila jioni baada ya shule, Natabo alipitia nyumbani, mtaani Bulla Pesa, akatupa begi kitandani, akanywa kikombe cha maji, kisha akakimbia hadi ukumbi wa ndondi. Chakula cha kumchelewesha hakikuwepo. Hata kile cha shule kilikatika muhula uliopita. Wakubwa walisema kiko njiani, ingawa vitambi vyao vilionyesha kuna mahali kilikuwa kimeshafika.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala kuukuu la mahindi, lenye mifuko miwili ya mchanga iliyoning'inia darini. Kilichowavuta watoto ni ukuta. Kocha Arero alikuwa amechora kwa makaa urefu wa mabingwa wa dunia wa uzani mzito, wa zamani na wa sasa, kila mmoja na mstari wake. Marciano alikuwa chini ya wenzake, mita moja na sentimita sabini na tisa. Joe Louis alimpita kidogo. Muhammad Ali akawapita wote wawili, Lennox Lewis akampita Ali, na Fury akampita Lewis. Valuev wa Urusi, mita mbili na sentimita kumi na tatu, alimlazimu kocha apande mezani ndipo amwandike.

Chini ya Marciano kulikuwa na mstari mwingine, usio wa bingwa. Uliandikwa: Jane.

Huyo alikuwa mama yake Natabo. Aliuza mandazi mlangoni pa ukumbi, na siku moja mabondia walimtania mpaka akakubali kupimwa. Alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Siku utakayopelekwa mbali kupigana," alimwambia Natabo, "nitafunga biashara nije kukushangilia." Mwaka uliofuata alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ambulensi ilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo. Mama na mtoto mchanga walizikwa pamoja. Aliyekula pesa za mafuta hayo mpaka leo hupanda jukwaani kila sherehe, akapigiwa makofi.

Kabla ya mazoezi Natabo alinyoosha mkono akagusa ule mstari. Jioni hiyo Kevin, mvulana mrefu wa gredi ya tisa, alimwona.

"Unapapasa nini huko, kapanya? Hata huyo Marciano alikuwa kilo themanini na nne tu. Mabingwa wa siku hizi ni malori, kilo mia na ishirini! Sasa wewe ni nini? Wewe ni bodaboda bila abiria."

"Bodaboda hupita pale lori limekwama," Natabo akamjibu. Wenzao wakaangua kicheko.

Kocha Arero naye alitabasamu. "Kevin hajadanganya. Zamani mtu wa kilo themanini na kitu alipigana na yeyote aliyemzidi. Leo mpaka kilo tisini wana kundi lao. Miili imeongezeka. Lakini msifikiri majitu yalizaliwa jana. Bingwa Carnera alikuwa na kilo karibu mia na ishirini tangu miaka ya thelathini, na Louis, ambaye hata tisini hakuwa amefika, alimwangusha. Na juzi tu bingwa Usyk amemshinda Fury, anayemzidi urefu kwa zaidi ya nusu shibiri."

Kisha tabasamu lake likazimika. "Jumatatu timu inakwenda Nanyuki kwa mashindano. Waandalizi wamepanga makundi ya uzani huko ofisini. Kundi la chini la wasichana linaanza kilo arobaini."

Natabo alikuwa na thelathini na nane.

"Nimempigia simu mkuu wao," kocha akasema bila kumtazama. "Nimemwambia watoto wa huku wamekondeshwa na ukame. Ati sheria ni sheria. Na alikuwa anatafuna, nilimsikia. Tutapima Jumamosi asubuhi. Asiyefika atabaki."

Natabo alirudi nyumbani kama mtu aliyemwagiwa maji. Mama hangeweza tena kuja kumshangilia; basi yeye angalau afike huko mbali, akiwa na kile kitambaa mfukoni. Alifikiri sana, na fikira zake zikampeleka sokoni.

Baba yake, Lomorukai, alikuwa kibarua wa mfanyabiashara mmoja katika soko la mifugo. Siku ya mnada, alfajiri, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwalambisha mbuzi chumvi. Mbuzi wakishikwa na kiu, huletewa maji, nao hunywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Mnunuzi akimwinua mbuzi, huona ni mzito. Natabo aliliona jambo hilo tangu utotoni, wala hakujua kama lina ubaya.

Jumamosi, baba alipokwisha kutoka, Natabo alivuta mkebe wa chumvi ya mbuzi kutoka mvunguni. Alikoroga chumvi nyingi kikombeni, akafumba macho, akameza yote. Kisha akanywa maji, na maji, na maji.

Njiani tumbo lilimlia kama mtungi. Kiu ilizidi badala ya kupungua. Lakini alipopanda mizani, mshale ulisogea ukagusa arobaini. Kevin mwenyewe alipiga makofi. Natabo akageuka auone mstari wa mama yake, na ukuta mzima ukamzunguka. Alitapika, akaanguka chini kama gunia.

Kocha alimbeba kwa pikipiki hadi hospitalini. Lomorukai alifika mbio, fimbo ya sokoni ingali mkononi.

"Amekula nini?" muuguzi aliuliza. "Semeni haraka."

"Sijala kitu," Natabo alinong'ona. Alijua akisema kweli, jina lake litafutwa kwenye timu.

Ndipo alipomtazama baba yake. Alikuwa ameegemea mlango, midomo inacheza bila sauti. Natabo alikuwa amewahi kumwona hivyo mara moja tu, siku walipongojea ambulensi.

"Chumvi ya mbuzi, baba," alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka nifike kilo arobaini."

Muuguzi aliita wenzake wakaja mbio, na muda si muda Natabo akawekewa maji ya mshipa. Alipotulia, muuguzi alimfuta uso. "Umefanya vema kusema, mwanangu. Kama ungeendelea kuficha, tungekuwa tunaongea mengine."

Timu iliondoka bila yeye. Kabla ya safari Kevin alikuja kitandani pake, akavua kofia. "Bodaboda," alisema, "pona, bwana."

Natabo aliporuhusiwa, baba hakumpeleka nyumbani moja kwa moja. Alimpitisha ukumbini, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mazishi. Alisimama mbele ya ukuta akaona jina la mkewe. Akaweka kiganja juu ya ule mstari, akakaa hivyo mpaka kocha Arero akatazama pembeni.

"Natabo," kocha alisema kwa upole, "mizani haikuwekwa kumzuia mdogo. Iliwekwa ili asipewe mtu atakayemvunja. Ungepita kwa kuidanganya, hata mimi nisingeweza kukulinda."

Lomorukai aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," alimwambia bintiye, maana ndivyo alivyomwita tangu amzike mkewe, "mbuzi tunampa chumvi kwa sababu jioni hatuna haja naye tena. Mimi nina haja na wewe kesho na keshokutwa. Waliotunyima chakula nitawalaani mpaka niingie kaburini. Lakini ule uongo hukuwaumiza wao hata kidogo. Wao walikuwa wanakula. Nusura niwe mimi wa kuzika tena. Ukikosa kitu, niambie kweli, tukose pamoja."

"Nimesikia, baba. Nisamehe."

"Kuna mbuzi wa maziwa nimemwomba kwa ndugu zetu kule Ngaremara. Utamkuta mlangoni."

Kocha alichukua kipande cha makaa. Natabo akasimama wima, mgongo ukutani, naye akamchorea mstari wake wa kwanza. Kati ya mstari huo na ule wa Jane kulibaki nafasi ya kiganja kimoja cha mtu mzima. Lomorukai aliipima kwa mkono wake.

"Hapa katikati," alisema, "pajazwe na maziwa na miaka. Si chumvi."