Kiu ya Ezati

Siku ya pili baada ya kuzika udongo wa Ezati, Driciru alikuta mtungi wa maji umekauka. Aliujaza asubuhi, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyekunywa. Akaingiza mkono ndani. Mtungi ulikuwa wa moto, kama umetoka kuchomwa siku ileile.

Hakumwambia mtu. Alichukua ndoo akarudi kisimani.

Mwaka ule watu walikuwa wamerudi kijijini Logiri, Uganda, kutoka Zaire, na karibu kila nyumba ilikuwa na mfu wake wa mbali. Mtu aliyefia ukimbizini, jamaa walikwenda kuleta udongo wa kaburi lake, wakauzika nyumbani kama wanavyozika mwili. Ezati alikufa mwaka 1980, katika kukimbia vita. Driciru alikuwa amepita njia nyingine na mtoto wao, Eyotaru. Aliyekuwa na Ezati mpaka mwisho ni mdogo wake, Mindra. Ndiye aliyesimulia kwamba homa ilimuua kaka yake ng'ambo ya mpaka, kwamba Wakristo wa kule walimzika, na kwamba wimbo uliimbwa. Miaka saba Driciru aliuegemea wimbo ule. Na Mindra ndiye aliyeuleta udongo kwa baiskeli, umefungwa ndani ya kipande cha shuka.

Jumatano harufu ikaanza. Haikuwa harufu ya kuoza. Ilikuwa ya tumbaku inayoungua, chungu, ikiingia kwenye nguo na kwenye uji. Majani yaliyozunguka kaburi yakanyauka. Alhamisi saa saba mchana, jua likiwa utosini, Driciru alikuwa akianika mihogo sauti ilipotoka ardhini.

"Mama Eyotaru. Maji."

Aliijua sauti ile. Alimwaga ndoo nzima juu ya kaburi, na udongo ukachemka, sss, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Poni, jirani aliyeokoka, alikuja akasimama mbali, leso puani.

"Dada, usinikasirikie. Yule tajiri aliomba nini kwa Abrahamu? Tone la maji. Jehanamu iko mahali, kama vile mji wa Koboko uko mahali. Mume wako aliokoka?"

"Alibatizwa."

"Kubatizwa! Hata mbuzi ananyeshewa na mvua."

Driciru alilia usiku na mchana. Njaa ya ukimbizini aliivumilia, upweke aliuvumilia, lakini hili la Ezati wake kuungua milele lilimshinda. Akaenda kwa Mchungaji Candia, mzee aliyewafungisha ndoa.

"Moto wa jehanamu ni kuwa mbali na Mungu, mwanangu," alisema mchungaji. "Si shimo la kupimwa kwa kamba."

"Basi maji yangu anakunywa nani?"

Mchungaji akaahidi kuja kuomba kaburini.

Mindra yeye alikuwa na jibu. "Hiyo hapana kaka. Hiyo iko jini, iliingia ndani ya udongo njiani. Tuchimbe, tutupe mtoni. Leo, shemeji." Alisema hayo akiwa barabarani. Tangu Jumatano hakukanyaga ua.

Jumapili baada ya ibada mchungaji alikuja na waumini, na Driciru akamshika Mindra mkono, akamwingiza uani. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa jina la Yesu, kama wewe ni jini, ondoka. Kama ni Ezati, sema uko wapi."

Kuku walinyamaza, na watoto wakanyamaza, na ile harufu ikapanda kutoka kaburini ikawa nzito mpaka macho ya watu yakatoa machozi na Poni akaanguka kwa magoti akikohoa, na ardhi ikaanza kugonga kutoka chini, pole kwanza, halafu kwa nguvu, kama ngumi za mtu anayepiga ubao, anapiga na kupiga na kupiga na hakuna anayekuja.

"Niko ndani," sauti ikasema. "Mlango umefungwa kwa nje. Mindra, fungua."

Driciru akageuka. Uso wa Mindra ulikuwa kama majivu.

"Zungumza," akamwambia, kwa sauti ndogo.

"Hatukufika Zaire. Tulijificha Lobule, ndani ya banda la kukaushia tumbaku. Mimi nilitoka kukojoa, nikaona askari wanakuja. Nikatia komeo kwa nje. Nilifikiri, wakiona imefungwa, watasema hii iko tupu, watapita. Waliichoma hivyohivyo."

"Na wewe?"

"Nilikuwa ndani ya shamba la mihogo."

"Alikuita?"

Mindra akatazama njia ya kutokea uani.

"Mindra. Alikuita?"

"Aliita. Askari walishaenda, na bado aliita. Miguu yangu ilikataa."

"Na wimbo?"

"Hapakuwa na wimbo, shemeji."

Driciru akakaa chini mavumbini.

"Ulipotaka udongo," Mindra akasema, "nilikwenda palepale. Hapo sikuweza kudanganya."

Mchungaji akamshika shingo, akampigisha magoti. "Mfungulie ndugu yako." Mindra akanyoosha mkono juu ya kaburi, akavuta hewa kama mtu anayevuta komeo. "Kaka, toka," akasema. "Toka." Kugonga kukakoma. Upepo safi ukapita uani. Watu wakaimba, wengine wakilia kwa furaha, na Mchungaji Candia akamwambia Driciru kwamba mumewe sasa amepumzika, na kwamba amsamehe shemeji yake. Driciru aliitikia kwa kichwa. Kuimba hakuimba.

Jumatatu saa saba mchana harufu ya tumbaku ilirudi.

Safari hii haikutoka kaburini. Driciru aliifuata nyuma ya migomba mpaka kwenye nyumba ya Mindra. Hapakuwa na moshi. Mlango ulikuwa wa bati, usio na komeo wala kufuli kwa nje, hata mtoto angeusukuma, lakini ulikuwa ukitetemeka kwa ngumi za mtu aliye ndani.

"Shemeji! Ni wewe? Fungua! Naungua, shemeji, kwa jina la Yesu!"

Driciru akaweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa la moto. Akajitayarisha kusukuma.

Ndipo akasikia, mlemle ndani, karibu kabisa na mlango, sauti nyingine, tulivu, kama ya mtu aliyekula akashiba.

"Mama Eyotaru, usifungue."

Na Driciru, aliyeomba miaka saba aisikie sauti ile tena, akatii.