Mchwa Hawamo Katika Bima

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mama mmoja mjane alifuta vumbi mlango wa chumba chake. Marehemu mumewe, seremala, aliuchonga mwaka walipooana. Miaka minne sasa hayupo.

Siku moja kidole chake kilizama kwenye fremu, kama kwenye mkate uliolowa. Ndani walijaa mchwa.

Hakulia. Alichukua bahasha ya bima ya nyumba, akaenda moja kwa moja ofisini. Hakuwahi kukosa kulipia, kwa hiyo alijua fremu itatengenezwa.

Wakala wa bima, binti mpole mwenye miwani, alimsomea ukurasa wa mambo yasiyolipiwa: mchwa, panya, kutu, kuoza. Alimweleza kwamba bima yake ni ya balaa la ghafla, kama moto, au mti kuangukia paa. Mchwa hula polepole, na kuwazuia ni kazi ya mwenye nyumba.

"Kwa hiyo nimelipa bure?"

"Hapana, mama. Nyumba ikiungua, bima itakufaa. Ila karatasi hii hukuisoma."

"Msomaji alikuwa baba watoto. Mimi nilitia sahihi tu."

Binti alisogeza kiti, wakasoma pamoja ukurasa kwa ukurasa. Alimwambia pia kwamba bima hazifanani, hivyo aulize kuhusu wadudu na wanyama kabla ya kutia sahihi.

Kesho yake alikuja mtaalamu wa kuua wadudu. Aligonga mbao zote, akisikiliza. Zilizoliwa zililia kama debe tupu. Nyuma ya nyumba alimwonyesha kuni zilizoegemezwa ukutani, bomba linalovuja, na vijia vya udongo vilivyopanda ukuta.

"Mama, umewapa chakula na maji. Wahame waende wapi?"

Mjane alicheka, mara ya kwanza wiki ile.

Kuni zilihamishwa mbali na ukuta, bomba likazibwa, dawa ikapigwa. Fremu haikupona, ikawekwa mpya. Mlango wenyewe ulikuwa mzima.

Sasa mwaka wa pili mchwa hawajarudi. Bima yake huisoma mwenyewe kila anapoilipia upya. Na kila mwanzo wa mwezi huzunguka nyumba akigonga mbao. Akifika kwenye ule mlango hugonga taratibu, husikia mlio mzito wa mbao nzima, kisha hubaki amesimama kidogo, kama mtu aliyepiga hodi.